Bahasha Niliyoifunga Mwaka Tisini na Tisa

Rafiki yangu wa miaka thelathini alinikabidhi bastola ya mbao, na ubavuni mwake lilikuwa limechomwa jina la mke wangu.

ARLENE.

Herufi sita, zimenyooka kama zimepigwa rula.

Wewe uliyeoa, jiulize ungefanya nini.

Mimi nilifanya kile ambacho kila mtu wa kundi letu hukifanya akikabidhiwa bastola, iwe ya chuma, ya plastiki au ya mti. Nikaielekeza ukutani, mbali na watu, nikaikoki, nikachungulia ndani kama kuna risasi.

Mbao tupu. Na mimi nachungulia risasi.

Ndivyo tulivyo. Kuna jamaa mmoja aliwahi kuona ni ujinga kukagua mbao. Tulimnyima sukari ya kahawa mwezi mzima mpaka akaomba radhi.

Basi nikakoki. Na hapo ndipo damu iliponipanda kichwani, hata lile jina nikalisahau.

Ile bastola haikukokiwa kwa kuvuta. Ilikokiwa kwa kusukuma.

Wazo langu.

Wazo langu la mwaka tisini na tisa, ambalo nililifunga ndani ya bahasha, nikaigonga muhuri, nikaiweka juu ya kabati, na kwa miaka ishirini na mbili sikuifungua.

Sasa limetoka mikononi mwa Duane Kessler, rafiki yangu huyo, naye anapaka siagi mkate kama mtu asiye na deni na Mungu.

Naitwa Verlin Hess. Nimezaliwa Pennsylvania na nitafia Pennsylvania, katika bonde ambalo shule hufungwa siku ya kwanza ya kuwinda kulungu, na kila nyumba ina karakana yake uani.

Chuo sikwenda. Nilisomea kwenye mashine ya kukereza chuma, kiwanda cha pampu, miaka kumi na tisa. Mengine nimeyatoa maktaba. Hakuna kitabu cha ufundi pale ambacho hakina alama ya kidole changu cha grisi.

Kuna watu hufuga njiwa. Kuna watu hukarabati magari ya kale. Sisi hubuni bastola.

Hatuuzi chochote. Tunachora, tunachonga vielelezo vya mbao, halafu kila Jumamosi saa moja asubuhi tunakutana mkahawani kwa Dottie. Vielelezo vinazunguka meza kati ya mayai na kahawa, na watu wanavisema vibaya. Huyu atasema kitako kimekaa kama mguu wa bata. Yule atasema kifyatulio kiko mbali kama Pittsburgh. Unaumia, unarudi karakana, unachonga tena.

Na mtandaoni tuna jukwaa letu. Huko ndiko jina langu linakojulikana. Mimi ndiye niliyewaambia vijana wasimpe mhandisi yeyote wazo lao kabla ya kulifunga.

Kwa sababu mimi niliibiwa.

Mwaka themanini na saba, kiwandani. Nilimwambia mhandisi mmoja mwenye tai ya bluu jinsi ya kuzuia pampu zisivuje. Nilimwambia tukiwa kwenye foleni ya chakula, mkononi nina supu ya kuku. Miezi miwili baadaye picha yake ikatundikwa ukutani, mfanyakazi bora, kwa kuzuia pampu zisivuje.

Supu ile ilikuwa na karoti nne. Mimi sisahau.

Tangu siku hiyo nikajifunza kitu tunachokiita bahasha ya maskini.

Ukipata wazo, unalichora. Unaandika tarehe, nani alikuwepo, nani alisema nini. Kitabu nilichokisoma kilisema uandike kama unaapa, hata yale ya aibu, maana ushahidi uliochujwa si ushahidi. Shahidi anatia sahihi. Unafunga bahasha, unakwenda posta, unajitumia mwenyewe kwa rejista.

Ikifika, huifungui. Muhuri wa posta ndio tarehe yako, na gundi ndiyo kiapo chako. Ukiifungua, imekufa.

Mwanasheria mmoja aliingia jukwaani akasema hakuna mahakama inayotambua bahasha ya namna hiyo. Nilimjibu kurasa tatu. Hakurudi tena.

Mtaniuliza, wazo lenyewe lilikuwa nini?

Bastola zetu hizi hujikoki zenyewe kila baada ya risasi. Lakini ile mara ya kwanza lazima uikoki kwa mkono. Unashika juu, unavuta nyuma dhidi ya springi ngumu. Kijana hata hasikii. Ila mke wangu Arlene alianza kuugua baridi yabisi ya vidole akiwa na miaka arobaini, na vidole vyake vikajikunja kama mizizi ya tangawizi.

Kwa hiyo bastola isivutwe. Isukumwe kwa kiganja, kwa uzito wa mwili.

Kitu kidogo. Lakini kilitoka kwenye mapenzi yangu kwa mke wangu, na hicho ndicho kilichonichoma pale kwa Dottie.

"Vipi, bwana Verlin?" Duane aliniuliza. "Mbona kimya? Wewe huwa una neno hata na mawingu."

"Jina hili ni la nani?"

"La shemeji yangu. Kuna Arlene mwingine bonde hili?"

Meza ikacheka. Lamar, kinyozi wetu, akaweka kikombe chini.

"Verlin, ukiona mwenzako anachoma jina la mkeo kwenye mbao, kanunue maua leo leo."

Sikucheka. "Na hii namna ya kukoki umeitoa wapi?"

Duane akajikuna shingo. "Aa, ya zamani hiyo. Imekaa kichwani miaka na miaka. Nimestaafu, nikasema niimalize kabla haijanimaliza."

Ya zamani.

Aliniambia hivyo usoni, bila hata kupepesa.

Niwaeleze kidogo kuhusu Duane, msije mkadhani nina roho mbaya.

Duane ana digrii. Duane alifanya kazi miaka thelathini akiwa amekaa. Ana nywele zake zote. Nyanya zake huiva wiki mbili kabla ya zangu, na tumetenganishwa na uzio tu, jua ni lile lile. Mbwa wake akiitwa anakuja. Wangu akiitwa anafikiria kwanza.

Na Duane akisema kitu, Arlene hucheka mpaka anafuta macho. Mimi nikisema kitu kile kile, ananiuliza kama nimekunywa dawa.

Hayo yote niliyavumilia. Nilijiambia, Verlin, huyu kapewa yote, lakini kuna kitu kimoja hana. Hajawahi kubuni kitu kikubwa. Wewe unacho, kiko juu ya kabati.

Sasa amepanda mpaka juu ya kabati.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Kila mwaka majira ya kuchipua klabu yetu ya shabaha huandaa kifungua kinywa kwenye ukumbi wa zimamoto, watu wanapiga kura kuchagua kielelezo bora. Mwaka huo, mtu mmoja mwenye karakana yenye leseni ng'ambo ya mto alikuwa ameahidi kitu ambacho hakijawahi kutokea. Kielelezo kitakachoshinda atakitengeneza kwa chuma. Kimoja tu. Kitawekwa kwenye kabati la kioo la klabu, na jina la mbunifu litapigwa ubavuni.

Jina, kwenye chuma.

Mimi maisha yangu yote jina langu limepigwa mahali pamoja tu: kwenye kopo la chakula cha mchana.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Arlene anapambana na chupa ya jamu. Ana kifaa chake cha mpira cha kufungulia, lakini siku nyingine hata kifaa hakitoshi. Nikaifungua.

"Duane amechoma jina lako kwenye bastola," nikasema.

"Nzuri?"

"Nini?"

"Hiyo bastola. Ni nzuri?"

"Arlene, mtu amechoma jina la mke wa mtu kwenye mbao, na wewe unauliza kama mbao ni nzuri?"

"Mimi sijawahi kuwekwa jina kwenye kitu chochote," akasema. "Acha niulize."

Nikakaa chini. "Ameniibia. Ile ya kusukuma. Niliibuni mimi, kwa ajili ya mikono yako. Umesahau?"

Akaacha kupaka jamu. Akaniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mgonjwa anapolala.

"Mimi sijasahau, Verlin."

"Basi utanisimamia. Nitaifungua bahasha mbele ya ukumbi mzima."

"Usiifungue."

"Kwa nini?"

"Imekaa vizuri hapo ilipo."

"Ulikuwepo siku ile au hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Nikiulizwa nitajibu. Na wewe usiniulize kama hutaki jibu."

Akachukua mkate wake akaenda kuula barazani.

Mtu mwenye akili angesimama hapo akafikiri. Lakini wivu hausimami. Mimi nilisikia neno moja tu: anamlinda. Nikaanza kuhesabu. Nyanya alizomletea mwaka ule. Kiti alichomrekebishia. Siku niliyolazwa kwa ajili ya nyongo, nani alimpeleka hospitali kuja kuniona? Duane.

Unaona mambo yanavyojipanga ukitaka yajipange?

Wiki tatu zile za kungoja siku ya kura nilikuwa moto.

Niliandika jukwaani kuhusu "mwizi mwenye digrii anayelala upande wa pili wa uzio." Sikumtaja. Ila nilitaja uzio, nikataja nyanya. Majibu yalifika mia mbili na kumi na mbili. Vijana wa Ohio, vijana wa Idaho, wote wanasema, mzee Verlin, mwanike. Nikasema kwa kinyozi. Nikasema kwenye duka la chambo cha samaki. Kanisani nikahama benchi.

Siku moja Duane akaja mpaka kwenye uzio.

"Verlin. Watu wananiambia maneno."

"Watu wana midomo."

"Kama ni lile jina, nitalipiga msasa lifutike. Nilidhani utafurahi, bwana."

"Usifute kitu. Ushahidi haufutwi."

"Ushahidi wa nini?"

"Tutaonana ukumbini."

Akasimama pale, ndoo ya mbolea mkononi. "Miaka thelathini, Verlin. Si uniambie tu hapa, mimi na wewe?"

Nikaingia ndani.

Kifungua kinywa kilianza saa mbili asubuhi. Magari ya zimamoto yalikuwa yametolewa nje, meza ndefu zimepangwa ndani, vijana wa kikosi wanageuza chapati za maji kwenye bati kubwa. Watu kama sitini. Mimi nimevaa koti langu la maziko, bahasha iko kifuani. Arlene ameketi kando yangu, sahani mbili mbele yetu, mayai na soseji. Sikugusa.

Mwenyekiti wa klabu ni Bernadine Zook. Miaka ishirini na sita alikuwa mkuu wa posta yetu. Mkono uliopiga muhuri kwenye bahasha yangu ulikuwa wake. Mnaona jinsi Mungu alivyokuwa ameniandalia meza?

Vielelezo vilizunguka, kimoja kimoja. Kila mtu anaelekeza ukutani, anakoki, anachungulia. Bibi kizee mmoja mwenye fimbo alipoisukuma ile ya Duane ikakubali, alisema kwa sauti, "Kumbe hata mimi," na ukumbi ukapiga makofi kabla ya kura yenyewe.

Kura zikapigwa. Duane.

Ndipo nikasimama.

"Mwenyekiti, nina pingamizi."

Lamar akanong'ona, "Haya, ameanza," lakini wenzake wakamnyamazisha. Wote walikuwa wanajua. Nilihakikisha wanajua.

Nikahutubia. Niliongea juu ya watu wa mikono na watu wa tai. Niliongea juu ya mwaka themanini na saba, supu, karoti. Nikasema kila kitu kilichopo duniani kimebuniwa na mtu aliyesimama na kikapewa jina la mtu aliyekaa. Sauti yangu iligonga mabati. Kuna watu walitikisa kichwa kukubali, na siwalaumu, maana hayo bado nayaamini.

Kisha nikaitoa bahasha.

"Bernadine, huu ni muhuri wa nani?"

Akavaa miwani. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye gundi.

"Ni wangu. Jumatatu, tarehe kumi na nne Juni, mwaka tisini na tisa. Gundi ni nzima. Haijaguswa."

"Ndani yake kuna mchoro wa bastola ya kusukuma. Kama hakuna, nihame bonde hili."

"Duane?" Bernadine akamgeukia. "Una la kusema?"

Duane alikuwa ameduwaa. "Mimi hata sielewi. Afungue."

"Isomwe," nikasema. "Na isomwe na wewe, Bernadine, isije ikasemwa nimeongeza neno."

Nikahisi mkono wa Arlene kwenye mkono wa koti langu. Vidole vile haviwezi kushika, lakini vilijaribu. Nikajivuta.

Bernadine akachana.

Miaka ishirini na mbili, na ule mchano haukuchukua hata sekunde mbili.

Akafungua karatasi ya kwanza. Akasoma.

"'Jumamosi, tarehe kumi na mbili Juni, mwaka 1999. Tulikuwa kwenye uwanja wa shabaha, shambani kwa Duane Kessler. Waliokuwepo ni Duane, mke wangu Arlene na mimi.'"

Nikaitikia kwa kichwa. Sawa kabisa.

"'Arlene alijaribu kukoki bastola yangu mara tano, akashindwa.'" Bernadine akashusha karatasi. Akaniangalia juu ya miwani. "Verlin, unataka niendelee?"

"Soma yote. Usiruke hata nukta. Sisi hatufichi kitu."

Akaendelea.

"'Mimi nilicheka. Nikamwambia ale mayai, yanaongeza nguvu. Arlene akaenda kukaa garini.'"

Mahali fulani mtu aliweka uma kwenye sahani. Niliusikia.

"'Duane hakucheka. Alichukua karatasi iliyofungia mkate wetu, akachora bastola isiyovutwa, inayosukumwa kwa kiganja. Akampelekea garini. Mchoro huo nimeunakili ukurasa wa pili, kama alivyouchora yeye.'"

"Hapana," nikasema. Au nilidhani nimesema.

"'Duane ni mtu asiyejali mambo haya. Atanyang'anywa kama nilivyonyang'anywa mimi mwaka themanini na saba. Kwa hiyo naifunga kwa niaba yake, nimtunzie, wala sitamwambia, maana atanicheka. Siku akitokea mwizi wa kusema wazo hili ni lake, hii ndiyo silaha ya Duane. Wazo ni la Duane Kessler. Mimi ni mtunzaji tu.'"

Bernadine akageuza karatasi.

"'Nimeandika mimi, Verlin Hess. Shahidi,'" akasita, "'shahidi, Arlene Hess.'"

Mwandiko ulikuwa wangu. Ile herufi ya kwanza ya jina langu, ninavyoikata juu. Na chini yake sahihi ya Arlene, ya enzi zile vidole vilipokuwa bado vinashika kalamu.

Nitawaambia ukweli, na ndio unaonitisha mpaka leo. Mimi sikuwa naongopa. Ungeniapisha kwa kitabu chochote, ningeapa. Nilikuwa naiona siku ile kichwani: mimi nimekaa kwenye gogo, penseli mkononi, namchorea mke wangu.

Siku yenyewe nilikuwa naikumbuka vizuri. Gogo lilikuwepo. Penseli ilikuwepo. Nimeisimulia hadithi ile mara mia, na kila nilipoisimulia penseli ilihama kidogo kutoka mkono wa Duane ikija wangu, mpaka ikafika.

Tai ya bluu sikuwa nayo. Lakini kazi yake niliifanya.

Nilimtazama Duane, nikingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Kumbe ulinitunzia," akasema polepole. "Mimi hata ile karatasi ya mkate sikujua ilikwenda wapi."

Ndivyo alivyosema.

Angenipiga ngumi ningekuwa na afadhali.

Arlene akanyoosha mkono kuvuka meza. "Nipe hiyo," akamwambia Duane. "Watu wote wameishika isipokuwa mwenye jina."

Duane akampa. Arlene akaielekeza ukutani. Akaweka kiganja kilichopinda pale pa kusukumia, akaegemea kidogo tu, kama mtu anayefunga droo.

Klak.

Akachungulia ndani. "Haina kitu," akasema, kama desturi inavyotaka.

Akaiweka mezani taratibu. Kisha akaisogeza sahani yangu, mayai yameshapoa, mpaka ikagusa koti langu la maziko.

"Kula mayai, Verlin," akasema. "Yanaongeza nguvu."

Hakuna aliyecheka. Hata Lamar.

Nilikula. Mbele ya watu sitini, nilikula yote.

Miaka ishirini na mbili Arlene alikuwa anajua, na hakuwahi kunirudishia neno lile la mayai. Nilipokuwa namsimulia kila mgeni jinsi nilivyomwonea huruma, alikuwa ameketi pale pale, anamimina chai. Jioni ile nilimuuliza kwa nini.

"Nilikuambia mara moja, mwaka wa elfu mbili na tatu," akasema. "Ulinipigia kelele mpaka mbwa akaingia chini ya kitanda. Nikaona basi, mwache abaki na huyo Verlin wa kwenye hadithi. Nilimpenda na mimi. Alikuwa na adabu kuliko wewe."

Jukwaani niliandika ukweli wote, nikalipwa matusi mia tatu na zaidi. Vijana wa Idaho hawana huruma. Nimeyaacha yote yalivyo.

Bastola ya chuma ilitengenezwa. Ubavu wa kulia, KESSLER. Wa kushoto, ARLENE. Imo kwenye kabati la kioo, na chini yake wameweka karatasi yangu. Duane aliomba ikunjwe isionekane ile sehemu ya kucheka.

Arlene akaja akaikunjua.

Kwa hiyo jina langu nalo limo ndani ya kioo. Nimelipata. Kila mgeni wa klabu huinama akasoma jinsi Verlin Hess alivyomcheka mkewe mgonjwa. Nimerudi benchi langu kanisani. Duane tunasalimiana, na mwezi uliopita aliniletea nyanya. Nilizila. Zilikuwa tamu kuliko zangu, na iliniuma, siwezi kuwaongopea kwamba nimepona.

Wewe unayesoma, pengine una bahasha yako. Si lazima iwe ya karatasi. Ni lile jambo alilokufanyia ndugu yako au jirani yako mwaka fulani, umelifunga vizuri, unalitunza kwa siku ya kumwaibisha.

Siku ile ikifika, jipeleke chumbani, funga mlango, uifungue kwanza ukiwa peke yako. Na kama kulikuwa na shahidi, muulize. Ukiona ameacha kupaka jamu, kaa chini umsikilize.

Ile ya mwaka themanini na saba bado naisimulia. Karoti zilikuwa nne, na tai ilikuwa ya bluu. Ila siku hizi nikifika mahali pa kumtaja aliyesema kwanza jinsi ya kuziba pampu, sauti yangu inashuka yenyewe.

Hiyo sikuiandika popote.